Haijaja: Njeo za Kiswahili na Imani ya Kikristo juu ya Siku za Mwisho

Miongoni mwa madai yaliyowahi kutolewa kuhusu fikra za Mwafrika, ni machache yaliyozua mjadala mrefu kama lile la John Mbiti kuhusu wakati. Katika African Religions and Philosophy (1969), na kwa kina zaidi katika utafiti wake juu ya Wakamba na mafundisho ya Agano Jipya kuhusu mwisho wa dunia, uliochapishwa mwaka 1971, Mbiti alishikilia kwamba wakati katika jadi ya Kiafrika una pande mbili kuu: uliopita, ambao ni mrefu na mzito, na uliopo. Wakati ujao, kwa maoni yake, haukuvuka miezi michache au miaka miwili hivi, kwa kuwa jambo lisilotendeka bado halina mahali pa kukaa. Kwa msingi huo alieleza kwa nini Wakamba waliohubiriwa na wamishonari walitazamia kwamba Yesu angerudi wangali hai. Walielezwa habari ya siku za mbali, nao wakaipokea kana kwamba ni ya keshokutwa.

Hoja hii imepata wapinzani wengi. Kwame Gyekye, kwa mfano, aliikabili mwaka 1987 kwa ushahidi wa lugha ya Kiakan. Hata hivyo mhakiki wa fasihi ya Kiswahili ana neno lake la pekee la kumwuliza Mbiti, kwani ni kutoka Kiswahili alikoazima istilahi zake mbili, Sasa na Zamani. Alichukua maneno mawili akaliacha la tatu. Kiswahili kina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Na katika ushairi wa kidini wa pwani, kesho si siku ifuatayo leo tu bali pia ni ahera, siku ya hesabu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, aliuonya moyo wake kwa kuuonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa magofu, na ndege wakilala katika madaka yaliyowahi kupambwa kwa vyombo vya kaure. Hapo wakati uliopita unatumiwa kuwa ushahidi wa wakati ujao. Itajibiwa kwamba hiyo ni athari ya Uislamu. Naam, lakini Wakristo waliotafsiri Biblia waliikuta lugha hii ikiwa imekwisha kujifunza kuusema mwisho, wakaazima kutoka humo hata neno kiyama.

Jambo zito zaidi limo katika vitenzi. Wanaisimu kwa kawaida hukihusisha kiambishi -ta- cha wakati ujao na kitenzi taka, na asili hiyo bado inaonekana katika umbo kama siku itakayokuja. Lakini njeo inayoigusa zaidi imani ya siku za mwisho ni ile ya -ja-. Anayesema mgeni hakuja amefunga habari. Anayesema mgeni hajaja ameuacha mlango wazi: mgeni hayupo, ila kutokuwapo kwake kumejaa matarajio, na huenda chakula chake kimefunikwa mezani. Ukanushi wa namna hii si ukanushi mtupu, ni kungoja kuliko ndani ya sarufi. Wanateolojia wa Ulaya wa karne ya 20, Oscar Cullmann akiwa mmoja wa mashuhuri, walijitahidi sana kueleza kwamba Mkristo anaishi baina ya yaliyokwisha kutimia na yasiyotimia bado. Mzungumzaji wa Kiswahili huipita njia hiyo kila siku kati ya -me- na -ja-, bila kuhitaji kitabu.

Iwapo ni hivyo, swali la kimaadili si kama Mwafrika anao wakati ujao. Swali ni namna gani mtu anavyopaswa kuishi ndani ya haijaja, na linamkabili kila anayeamini kwamba dunia ina mwisho. William Miller, mkulima na mhubiri wa Kibaptisti katika jimbo la New York, hakulelewa katika Sasa na Zamani za Wakamba. Hata hivyo yeye na wenzake walipiga hesabu za unabii wa Danieli, na wafuasi wakaishia kuitazamia tarehe 22 Oktoba 1844. Wapo walioacha mazao yao shambani bila kuyavuna. Siku ikapita. Yaliyofuata ndiyo yanayostahili kuangaliwa. Sehemu ya waumini hao haikuacha kutazamia marejeo ya Kristo, ila iliacha kuyapangia tarehe, na mwaka 1863 ikaunda Kanisa la Waadventista Wasabato. Mwaka 1906 wajumbe wa kanisa hilo, Arthur Carscallen na Peter Nyambo aliyetoka Nyasaland, walifika Gendia karibu na ziwa la Nyanza. Watu waliobeba habari ya mwisho wa dunia hata katika jina lao wakaanzisha shule na mtambo wa kupigia chapa, na baadaye hospitali huko Kendu Bay. Ajengaye hospitali hakukana kwamba dunia itakwisha. Amekana tu kwamba mwisho ni mali yake.

Tofauti hii ndiyo iliyopotea Kanungu, Uganda, ambako mamia ya watu waliangamia katika kundi lililokuwa limetangaziwa kuwa dunia inakwisha, wengi wao katika moto wa tarehe 17 Machi 2000. Ilipotea tena katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto wengi ikiwamo, ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kuyaeleza mauti hayo kwa falsafa ya wakati wa Kiafrika ni kuwadhulumu marehemu mara ya pili. Apangaye tarehe, awe Marekani au Kilifi, anaibadili haijaja kuwa itakuja siku fulani, na aliyeishika siku hiyo mkononi amemshika pia kila anayeiamini. Watu hawakukosa wakati ujao. Walinyang'anywa leo yao.

Pamoja na hayo, mhakiki aliyeshiba asiwe mwepesi wa kuidharau imani yenyewe. Kwa mjane aliyepokonywa shamba, na kesi yake ikaahirishwa mwaka baada ya mwaka, Siku ya Hukumu ni baraza la pekee ambalo hakimu wake hahongeki. Kutamani mwisho, kwake, ni kukataa kusema kwamba mambo yalivyo ndivyo yanavyopaswa kuwa. Atakayemwondolea tumaini hilo ana wajibu wa kumwonyesha mahakama nyingine, na wengi wa wanaodai kumzindua hawana. Kosa haliko katika kutamani. Paulo mwenyewe, aliyeingojea siku hiyo kwa hamu, aliwakemea Wathesalonike walioacha kazi.

Sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake inayaweka mambo haya mawili pamoja. Ufalme unaombwa uje, kwa kitenzi kilicho katika dhamira tegemezi, si katika wakati ujao wenye hakika. Na baada ya maneno machache tu kinaombwa chakula. Waprotestanti husema riziki, Wakatoliki mkate. Neno la Kiyunani linaloueleza mkate huo ni adimu kiasi kwamba wafasiri wamelibishania tangu zama za kale, na Jerome alisimulia kuwa katika injili moja ya Kiebrania alikuta mahali pake neno lenye maana ya kesho. Mkate wa kesho, basi, unaombwa uliwe leo. Watoto wa Shakahola, ikiwa yanayodaiwa ni kweli, walifundishwa kuomba ufalme na kukatazwa mkate.