Aliyeshangilia

Barabara itokayo Lindi inagawanyika hapa kwetu Mingoyo: mkono mmoja unakwenda Mtwara, mwingine Masasi. Basi linalotangulia kufika njiapanda ndilo linalojaza abiria. Linalofuata huokota makombo. Kwa hiyo mabasi hukimbizana.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, narudi nyumbani kutoka Lindi mjini, basi jingine lilipotupita. Nikasimama na kupiga kelele: "Dereva, unakubali? Usimwachie!" Abiria wakacheka, wengine wakapiga makofi. Dereva akakanyaga mafuta, tukalipita. Kando ya barabara mvulana muuza korosho alirukia mtaroni, beseni lake likapinduka. Kwa dirisha la nyuma nilimwona akiinuka na kuanza kuokota. Hatukusimama.

Bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, ulikuwa unawahi nini?"

Sikuwa nawahi chochote.

Swali lile limenisumbua zaidi kwa sababu nimekulia katika mapenzi ya Safari Rally. Baba mkubwa alizihadithia mbio hizo usiku kucha: zilivyoanza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika; jinsi mwaka 1963 yalivyoondoka magari 84 yakamaliza 7; jinsi Joginder Singh wa Kenya alivyoshinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Alichokipenda zaidi ni kwamba barabara hazikufungwa. Dereva alipambana na tope, mito iliyofurika, malori na mifugo, na wanakijiji wakatoka kusukuma gari lililonasa.

Nami nilipenda hivyo hivyo, mpaka nilipoanza kumfikiria yule mwenye baiskeli anayetoka shambani. Dereva alijiandikisha. Yeye hakujiandikisha, lakini barabara aliyoizoea ilikuwa imegeuzwa uwanja.

Italia walikuwa na mbio kama hizo, Mille Miglia, kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, zikikatiza katikati ya miji huku watu wamejipanga pande zote. Tarehe 12 Mei 1957, karibu na Guidizzolo, tairi la Ferrari ya Alfonso de Portago lilipasuka. Alikufa yeye, mwenzake Edmund Nelson, na watazamaji 9, watano kati yao watoto. Enzo Ferrari alishtakiwa, na mwaka 1961 akaondolewa hatiani. Mashindano ya kasi ya namna ile yakaishia pale.

Mtu atasema: watazamaji walikuja kwa hiari yao. Kweli, mtu mzima anaweza kuridhia hatari. Mtoto aliyeshikwa mkono na baba yake ameridhia nini? Na hata hao wazima, sidhani kama walikuwa wanatazama tu. Mbio bila watu barabarani ni safari ya kawaida ya mtu mwenye haraka. Kelele zao zilikuwa sehemu ya mafuta.

Hakuna mahakama inayoweza kuhukumu kelele, na sitaki iwepo. Usukani ulikuwa mikononi mwa dereva wangu, na hatia ya kwanza ni yake. Lakini kuna deni ambalo sheria hailioni. Nilichochea kitu ambacho gharama yake ililipwa na mtu mwingine, tena mtoto, kwa korosho ambazo pengine hazikuwa hata zake. Sijawahi kumlipa. Niliporudi kumtafuta juma lililofuata nilikuta vijana wengi wenye mabeseni, na niliona haya kuuliza.

Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, na sasa magari hushindana kwenye njia zilizofungwa. Baba mkubwa angesema imepoozwa. Mimi naiona imejifunza kuomba ruhusa.

Hivi karibuni nilipanda tena basi kutoka Lindi. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mpite huyo!" Nikasema, kwa sauti iliyotetemeka kidogo, "Dereva, punguza, baba." Watu walinicheka. Kijana akaniuliza kama nina bima.

Dereva hakupunguza sana. Ila tulipokaribia njiapanda alipiga honi mapema, na wauza korosho wakasogea.