Gari Lililokunywa Maji



Vijana wenzangu, kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome Walawi 19:35-36, Mathayo 23:25-28 na Luka 19:1-10. Ukimaliza, rudi hapa. Leo nataka tutafakari juu ya gari. Ndiyo, gari. Nitaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe, na sehemu nyingine zinanitia aibu kuziandika.

Sisi watu wa Unyambwa, hapa Singida, shida yetu ya kawaida si mafuriko. Tuko nchi kavu. Mvua ni ya msimu mmoja, alizeti na mtama tunapanda huku tukiangalia mawingu, na sala ya kuomba mvua tunaijua kuliko ya kuomba mvua ikome. Ndiyo maana vijana sita wa jumuiya yetu tulipochanga hela kununua Noah iliyotumika, hakuna aliyewaza kuuliza kama gari lile liliwahi kuzama. Tuliuliza kilomita. Tuliuliza kadi. Tuliuliza bei ya mwisho. Maji hatukuyauliza.

Ilikuwa Juni 2024. Kumbuka mvua za msimu ule. Desemba 2023 tope la mlima Hanang lilishuka Katesh, jirani zetu kabisa kwa barabara ya Babati, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Aprili 2024 Rufiji ikafurika. Mwezi huohuo Nairobi ikafurika, na hata Dubai, jangwani kule, magari yakaelea barabarani. Tuliziona picha zote kwenye simu. Tukasema "jamani, poleni," tukaendelea. Hatukujiuliza swali dogo: yale magari yaliyofunikwa na maji, yakishakaushwa, yanakwenda wapi?

Hela yetu ilitoka kwenye alizeti, kwenye kuku, na mkopo wa VICOBA. Mpango ulikuwa gari libebe abiria na vitunguu kwenda mjini, na Jumapili likodishwe na kwaya. Tulisafiri hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 700. Gari tuliloonyeshwa lilikuwa linang'aa. Ndani lilinukia pafyumu kali, tukafurahi, tukasema huyu mwenye gari ni msafi. Noah nyingine za aina ile tulizoziona zilikuwa milioni 12 kwenda juu. Hili akatuachia kwa milioni 9 na nusu. Dalali akasema, "Wadogo zangu, hii ni bahati yenu." Halafu akatushauri tuandike milioni 6 kwenye mkataba ili malipo ya serikali wakati wa kuhamisha umiliki yapungue. Tukakubali. Tena tulicheka. Kumbukeni hicho kicheko, tutakirudia.

Wiki ya saba mambo yakaanza. Vioo vinashuka vyenyewe. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, inazima, inawaka. Halafu usiku mmoja tukiwa tunarudi kutoka Ikungi na wanakwaya tisa ndani, taa zote za mbele zikazima ghafla na injini ikafa kwenye mteremko, lori likiwa nyuma yetu. Dereva alilitoa gari pembeni kwa neema ya Mungu tu. Dada mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa na ujauzito wa miezi sita. Hadi leo nikiikumbuka sauti ya honi ya lile lori, mikono inatetemeka.

Fundi wa umeme alifungua viti, akainua kapeti. Chini yake kulikuwa na tope laini la kijivu, limekauka, na makombe madogo ya konokono. Akatuangalia kwa huruma. "Wadogo zangu, hili gari limekunywa maji."

Akatueleza. Maji yakipita juu ya sakafu ya gari yanaingia kwenye soketi za waya, kwenye kompyuta ya injini, kwenye mfumo wa mifuko ya hewa. Siku ile gari likikaushwa linawaka vizuri tu. Lakini kutu ya kijani inaanza kula shaba ya waya polepole, na miezi inapita kabla hujaona kitu. Maji ya bahari ni mabaya zaidi kwa sababu ya chumvi. Na kama injini ilikuwa inawaka wakati wa kuzama, maji yakaingia kwenye silinda, pistoni haiwezi kuyashindilia kama inavyoshindilia hewa, konrodi inapinda. Mifuko ya hewa inaweza isifunguke siku ya ajali, au ikafunguka siku isiyo na ajali. "Gari la namna hii," akasema, "ni la kuuza vipuri. Kubeba watu, hapana."

Tulimpigia muuzaji. Akajibu, "Si mlilikagua wenyewe?" Tukasema tutadai milioni 9 na nusu yetu. Akatuuliza mkataba unasema shilingi ngapi. Kimya. Mkataba ulisema milioni 6, na sahihi zilikuwa zetu.

*

Hapo ndipo majaribu yenyewe yalipoanza.

Ndugu mmoja mkubwa alitupa ushauri. Osheni, badilisheni kapeti, pigeni pafyumu, mpelekee mtu mwingine. "Hata ninyi mliuziwa hivyohivyo." Nakiri kwamba ushauri huo ulinikaa vizuri. Niliona ni haki kabisa. Mkopo wa VICOBA unadai, mama anauliza hela ya alizeti imekwenda wapi, na sisi hatukulizamisha lile gari. Tukaliosha. Mimi mwenyewe nilisugua viti.

Siku ya tatu akaja mzee mmoja. Alitaka gari la kupeleka wajukuu shule na kubebea mizigo ya duka lake. Alizunguka, akafungua mlango, akaona rozari tuliyoitundika kwenye kioo cha ndani. Akatabasamu. Akasema, "Basi kijana wangu, mimi sina fundi wa kuja naye, lakini nikiona hii naamini nimefika kwa watu wa Mungu."

Ndugu zangu, rozari yetu ilikuwa imegeuka sehemu ya pafyumu.

Nilimwambia. Nilisema, "Babu, hili gari lilizama. Usibebe watoto humu." Aliniangalia muda mrefu, akanipa mkono, akaondoka zake. Wenzangu walikuwa wamesimama pale pale. Mmoja alitema mate chini, akaondoka. Mpaka leo salamu yetu ni ya mbali. Gari tulikuja kumuuzia fundi kwa vipuri, milioni 3 na laki 8, akijua kila kitu. Mkopo bado tunalipa. Sitakudanganya kwamba baada ya kusema ukweli Mungu alifungua madirisha ya mbinguni tukapata gari jipya. Hatujapata.

*

Sasa tutafakari.

Yesu anawaambia Mafarisayo kuhusu watu wanaosafisha kikombe kwa nje na ndani wakaacha unyang'anyi, na kuhusu makaburi yaliyopakwa chokaa, mazuri kwa nje na ndani ni mifupa. Nimesikia Injili hiyo tangu utoto na kila mara nilimfikiria mtu mwingine. Safari hii nilikuwa na ndoo na brashi mkononi. Mimi ndiye niliyekuwa napaka chokaa.

Kwenye Walawi 19 Mungu anadai mizani ya haki na vipimo vya haki, na anaweka amri hiyo katika sura ileile inayodai utakatifu. Kwa hiyo sokoni nako ni mahali pa ibada. Mtu akikomunika saa moja asubuhi, saa nne akauza gari bovu kwa maneno matamu, hajabadilisha Mungu wake njiani. Mungu ni yuleyule, anaangalia.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inataja udanganyifu katika biashara kuwa ni kosa dhidi ya amri ya saba, hata kama sheria ya nchi haijaukamata. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, miaka zaidi ya 700 iliyopita, aliuliza swali letu hasa: je, muuzaji analazimika kutaja kasoro ya kitu anachouza? Jibu lake, katika Summa Theologiae, ni la mtu anayejua soko. Kasoro ikiwa wazi, kama farasi mwenye jicho moja, mnunuzi anaiona mwenyewe. Lakini kasoro ikiwa imefichika, na inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji lazima aiseme. Anatoa mfano wa nyumba inayotaka kuanguka inayouzwa kama nyumba imara. Weka Noah yetu pale, haibadiliki kitu.

Kwa hiyo kunyamaza nako ni kusema. Wengi tunajitetea: "Mimi sikudanganya, hakuniuliza." Babu yule hakuniuliza kama gari limezama. Angeulizaje, Singida hii? Kutojua kwake ndiko kulikokuwa mtaji wangu.

Na ule msemo wa "hata mimi niliuziwa hivyohivyo" ndio unaofanya gari lililozama litembee. Mmoja analizamisha na mvua, wa pili analikausha, wa tatu analipaka rangi, wa nne anapokea kijiti na kukimbia nacho, mpaka siku linapokutana na lori usiku likiwa na watoto ndani. Kila mmoja kwenye mnyororo ana sababu yake, na kila mmoja aliumizwa kabla ya kuumiza. Lazima pawe na mtu anayekubali hasara iishie kwake. Hivyo ndivyo Bwana wetu alivyofanya na dhambi msalabani: ilimfikia, hakuipitisha kwa mwingine.

Kwenye kitubio nilijieleza kama mtu aliyeonewa. Padre alisikiliza vizuri, kisha akaniuliza swali moja: "Na ile milioni 3 na nusu mliyoificha kwenye mkataba?" Nilikuwa nimeisahau kabisa! Tulikuwa tumelia kwa kudanganywa, na sisi tulidanganya siku ileile, kwa kalamu ileile. Zakayo hakuishia kusikitika, alirudisha. Katekisimu namba 2412 inasema hivyohivyo, kwamba haki iliyovunjwa inadai kurudisha kilichochukuliwa. Tukaenda kurekebisha, tukalipa kilichopungua. Kiasi hakikuwa kikubwa. Aibu ndiyo iliyokuwa kubwa.

*

Kabla sijamaliza, busara nayo ni fadhila, na Mungu hakutuagiza tuwe wajinga sokoni. Ukienda kununua gari lililotumika, fanya haya:

1. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Sehemu inayokaa ndani huwa hawaioshi; angalia mstari wa maji au tope.
2. Inua kapeti na kapeti ya buti, toa tairi la akiba. Angalia tope na kutu. Angalia pia reli na bolti za viti.
3. Nusa. Funga vioo, kaa ndani dakika kumi. Uvundo wa unyevu, au pafyumu kali kupita kiasi, ni swali linalotaka jibu.
4. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji.
5. Angalia ukungu ndani ya taa. Washa kila kitu: vioo, redio, wipa, feni, honi.
6. Washa swichi. Taa ya eabegi kwenye dashibodi lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameiondoa ili usijue.
7. Gari likitoka Japani, omba karatasi ya mnada, ambapo mkaguzi huandika kasoro, uisomewe na mtu asiye na faida katika mauzo. Linganisha namba ya chasisi.
8. Nenda na fundi wako, unayemlipa wewe. Laki moja ya fundi ingetuokolea mamilioni.
9. Uliza wazi mbele ya shahidi: "Gari hili limewahi kuingia maji?" Jibu liandikwe kwenye mkataba, pamoja na bei ya kweli.

Rahisi ni ghali, wahenga walishasema. Bei ikiwa chini sana, kuna mtu ameshalipa kiasi kilichobaki, au wewe utakuja kukilipa.

Na wewe ambaye huna gari, usidhani umepona. Unauza simu yenye betri inayovimba? Unauza kuku uliyemwona anasinzia tangu jana? Unamwendea binti wa watu na uchumba, ukificha mtoto uliyemwacha Arusha? Wiki hii, kabla ya kwenda kuungama, jiulize: ni kitu gani nimekifunika kapeti? Nani atalipa siku kapeti ikiinuliwa? Na je, kuna mtu ninayepaswa kumrudishia kitu?

Tusali.

Ee Bwana Yesu, wewe uliyeingia nyumbani kwa Zakayo bila kusubiri asafishe, ingia na kwangu. Unaona tope nililolifunika. Nipe ujasiri wa kusema ukweli hata unaponigharimu, na uvumilivu wa kulipa mkopo wa hasara bila kumtafuta mtu wa kumtwisha. Uwalinde wote walio barabarani usiku huu katika magari wasiyoyajua. Uwafariji waliopoteza ndugu na mali kwa mafuriko. Na siku nikisimama sokoni, mtu akiona rozari mikononi mwangu, asije akajuta kuniamini. Amina.

Mama Bikira Maria, utuombee.