Mwembe Usipozaa, Kosa ni la Nani?

Itigi, mji wa stesheni katika Reli ya Kati, ambao wengi wanaujua kwa Hospitali yake ya Mtakatifu Gaspari, si nchi ya matunda mengi. Mvua zake ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Kisha yafuata miezi ya ukavu, na vile vichaka vizito ambavyo wataalamu wa mimea wameviita kwa jina la mji huo husimama vimepukutisha majani. Walakini hata huko watu hupanda uani mwembe, mpapai na mpera, wakaunywesha mche kwa maji yaliyokwisha oshea vyombo. Mti uliokuzwa kwa taabu namna hii hupendwa, na mti upendwao hutazamiwa. Ndiyo sababu mwaka usio na mazao huleta maneno.

Maneno yenyewe twayajua sote, wa Itigi na wa kwingineko. Mwaka jana mwembe ulizaa hata matawi yakategemezwa kwa miti. Mwaka huu maembe ni ya kuhesabika, na ng'ambo ya ua mwembe wa jirani umejaa. Ndipo husikika: “Kuna mtu aliutazama.” Mtu huyo, mara nyingi, ni mwanamke mzee aishiye peke yake. Tusilicheke jambo hili. Katika nchi yetu wapo vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo walipewa na moshi wa kuni walizowapikia watoto na wajukuu. Mauaji ya namna hiyo hayaanzi kwa panga. Huanza kwa neno dogo, lisemwalo kivulini na watu ambao Jumapili huenda kanisani.

Je, mwembe wenyewe una habari gani? Mwembe, hasa wa kienyeji, hauzai sawasawa kila mwaka. Ndiyo tabia yake. Maembe mengi yakikomaa hula akiba ya chakula ambayo mti ulijiwekea, nao hubaki bila nguvu ya kuchipusha matawi mapya kwa wakati. Ua la mwembe hutoka katika ncha ya tawi lililokwisha komaa. Tawi changa halichanui. Tena mwaka mwingine ukungu huyashambulia maua yakakauka. Basi aliyetunyima maembe ya mwaka huu ni maembe ya mwaka jana, yale yale tuliyoyashangilia. Na jirani ambaye mti wake umejaa, huenda mwaka jana alikuwa akitazama matawi matupu, wala hatukumwuliza nani amemroga.

Hapo ndipo penye swali la dhamiri. Mwaka wa wingi twasema, “Nimeutunza mwembe wangu”, mwaka wa uhaba twasema, “Nimefanyiwa.” Ni hesabu gani hii, ambayo mapato yote ni yangu na hasara zote ni za mwingine? Kama uhaba lazima uwe na mkosaji, basi na wingi uwe naye: tuambiane ni nani aliyerogwa ili sisi tushibe. Rafiki za Ayubu nao walishika kwamba msiba hauji bila kosa la mtu, wakalitafuta kosa hilo kwa bidii kubwa. Mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao.

Atauliza mtu: je, hakuna basi jirani awezaye kumharibia jirani matunda yake? Yupo, tena ni wengi. Tangu mwaka 2003 imejulikana kwamba nchi yetu imeingiliwa na inzi wa matunda mgeni, ambaye asili yake ni Asia. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Funza hula nyama ya tunda, embe huanguka na kuoza, funza huingia udongoni, na baada ya siku chache hutoka inzi mpya, ambaye haheshimu ua wala mpaka. Mwenye kuacha maembe yaliyooza yatapakae chini ya mti wake amewalea inzi watakaokwenda kutoboa maembe ya mtaa mzima. Dawa ya kwanza ni kuyaokota na kuyafukia katika shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi, jambo ambalo mtoto wa shule aweza kulifanya jioni. Hiyo ndiyo dhambi ya kutotimiza wajibu, tunayoiungama mwanzoni mwa Misa bila kufikiri sana juu ya uani kwetu. Yaonekana ni rahisi zaidi kuchunguza macho ya kikongwe kuliko kushika jembe.

Torati nayo ina neno juu ya miti ya matunda. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Mwisraeli aliyekwisha kuvuna mzeituni wake alikatazwa kurudi kuyatafuta matunda yaliyosalia matawini. Hayo yalikuwa ya mgeni, ya yatima na ya mjane. Tuangalie vema: hayakuitwa sadaka, yalikuwa yake. Mjane huyo ndiye yule yule ambaye maneno yetu yanamweka chini ya mti kama mshtakiwa, hali sheria ya Mungu ilimweka pale kama mwenye fungu. Wengi siku hizi huuza mti mzima ungali maua, mchuuzi akaja na magunia yake asibakize hata embe moja. Na katika mapatano hayo fungu la mjane halitajwi kabisa, ingawa kulitaja kungechukua maneno matatu. Sheria ile haikutaja idadi ya matunda ya kuachwa, wala haikutenga mwaka wa wingi na mwaka wa uhaba. Kwa hiyo mwenye maembe ishirini naye huulizwa, na ni haki aulizwe, maana ni katika mwaka kama huo kikongwe wa ng'ambo ya ua hukosa pa kuokota.