Thamani ya Kitu Kikuukuu

Wahenga wetu hawakukiamini upesi kitu kipya. Walisema, 'Kipya kinyemi ingawa kidonda,' wakamcheka mtu apendaye upya hata unapomuumiza. Wakasema tena, 'Usiache mbachao kwa msala upitao,' wakatuusia tusitupe kilicho chetu kwa ajili ya kizuri cha kupita. Ukizisikia methali hizi mbili, msomaji, waweza kudhani kuwa swali la kipya na cha kale limekwisha kujibiwa, na kwamba jibu lake ni kukishika cha kale siku zote. Lakini angalia vizuri. Mbacha waliounena wahenga ni mkeka mkuukuu ambao mwenyewe angali akiukalia. Hawakunena juu ya mkeka uliooza, wala juu ya mkeka uliotundikwa ukutani ili wageni wausifu.

Nataka tulipime jambo hili kwa kitu kimoja tu, maana fikira isiyokuwa na mfano ni kama mashua isiyokuwa na nanga. Kitu chenyewe ni televisheni ya zamani ya tyubu, ile yenye kisogo kikubwa nyuma. Wala si kila televisheni ya tyubu, bali zile za mwisho, zilizotengenezwa ili zionyeshe picha za mistari mingi ambazo leo twaziita picha za HD. Watu wenye akili wabishana juu yake hata sasa. Mmoja husema ni takataka; mwingine husema kuwa haijapata kutengenezwa televisheni nzuri kuliko hiyo. Je, yafaa bado mtu kuwa nayo?

Kwanza tukijue kitu chenyewe, kwa sababu hukumu bila maarifa ni dhuluma. Tyubu ya picha ni chupa kubwa ya kioo iliyoondolewa hewa ndani yake. Asili yake ni kazi ya mtaalamu wa Kijerumani, Karl Ferdinand Braun, mwaka 1897. Shingoni mwa chupa hiyo mna kifaa kirushacho mwale wa elektroni. Usoni, upande wa ndani wa kioo, mmepakwa unga ambao hung'aa upigwapo na mwale huo. Sumaku za umeme huuelekeza mwale kutoka upande huu hadi upande huu, mstari baada ya mstari, upesi hata jicho letu likadhani linaona picha moja iliyotulia. Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi mfumo wetu ulikuwa wa mistari 625.

Wajapani hawakutosheka na mistari michache. Baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilianza kutafuta picha iliyo safi zaidi, na hatimaye likafikia mfumo wa mistari 1,125. Mwaka 1990 kampuni ya Sony iliuza nchini humo televisheni ya tyubu iliyotengenezwa kwa ajili ya mfumo huo. Marekani nayo ilianza matangazo ya dijitali ya aina hii mwaka 1998. Mwaka 2004 ikatoka huko televisheni ya Sony iitwayo KD-34XBR960, ambayo wapenzi wa tyubu huitaja mpaka leo. Kioo chake kilikuwa cha inchi 34, na uzito wake takriban kilo 90, yaani gunia zima la mahindi. Baada ya miaka michache tu viwanda viligeukia televisheni bapa, na ufundi ule uliochukua zaidi ya miaka mia moja kukomaa ukaachwa.

Sasa tuipe haki yake, maana 'Mgala muue na haki umpe.' Katika tyubu, mahali pasipopigwa na mwale hapana mwanga. Kwa hiyo katika chumba cha giza, weusi wake ni weusi kweli. Televisheni bapa nyingi za kwanza zilikuwa na taa inayowaka nyuma ya kioo wakati wote, na usiku wa sinema ulionekana kama kijivu cha alfajiri. Tena tyubu huumulika kila mstari kwa nukta ndogo sana kisha ikauacha ufifie. Kwa sababu hiyo mpira unaopigwa au farasi anayekimbia huonekana wazi, bila ukungu unaomfuata. Lingine ni kwamba rangi zake hazibadiliki sana utazamapo kwa ubavuni. Mambo haya yalikuwa ya kweli siku ile watu walipozitoa tyubu zao nje na kuziweka kando ya njia. Wengi walitupa picha nzuri, wakaleta nyumbani picha hafifu, wakafurahi.

Kwa nini walifurahi? Televisheni bapa ilikuwa nyepesi, haikuchukua nafasi, na ilikuwa na kioo kikubwa. Hizo ni sababu za haki, na mtu aliyebadilisha kwa ajili yake hana lawama. Lakini wako wengine ambao hawakuulizwa na macho yao wala na nafasi ya chumba chao; waliulizwa na sebule ya jirani. Hao hawakupima kitu kwa kazi yake, bali kwa aibu ya kuonekana nacho. Hapa ndipo swali la televisheni linapokuwa swali la tabia.

Lakini haki ina pande mbili, nasi hatuna budi kuzitaja aibu za tyubu pia. Hata zilizo bora hazikuweza kuonyesha kila kitone cha picha zilizoletewa. Tena, picha ya zamani yenye mistari michache ilipoingia, nyingi kati ya televisheni hizi ziliigeuza kwanza ndani yake kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo ilichukua muda kidogo. Mtazamaji wa habari hakuujua muda huo, lakini mchezaji wa michezo ya video ya zamani aliubonyeza ufunguo na kuona jibu limechelewa. Kwa hiyo, jambo la ajabu, kwa kazi hiyo tyubu duni ya kawaida huweza kuishinda tyubu ya kifahari. Na weusi ule uliosifiwa si wake peke yake tena: tangu mwaka 2013 zimeuzwa televisheni kubwa bapa za OLED, ambazo kila kitone chake hujiwasha na kujizima chenyewe.

Kuna na gharama. Tuseme kwamba televisheni ya tyubu yatumia wati 200, na bapa yatumia wati 50, na kila moja huwashwa saa 5 kwa siku. Tofauti yake ni wati 150. Kwa siku 30 itakuwa yuniti 22 na nusu za umeme. Mwenye nyumba na azikumbuke yuniti hizo anunuapo stima. Zaidi ya hayo, televisheni hizi za mistari mingi hazikuenea kwetu. Ile niliyoitaja ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120. Mtu akiileta Kenya na kuichomeka moja kwa moja katika volti 240, atakuwa amenunua moshi. Na ikiharibika, tyubu yake haitengenezwi tena; fundi itambidi aitoe katika televisheni nyingine iliyokufa.

Huenda ukauliza, 'Basi ikiwa ina sifa hizi na aibu hizi, mizani imelala upande gani?' Nami nakujibu kuwa mizani ya kitu haiwezi kulala upande wowote mpaka umjue mwenye kitu. Wafikirie watu watatu.

Wa kwanza ana sinema za zamani azipendazo na chumba chenye meza imara. Aijua televisheni yake, huiwasha kila jioni, na ikisumbua humwita fundi ajuaye hatari iliyomo. Maana ndani yake mna volti zinazopita 25,000, na tyubu huweza kuuhifadhi umeme huo hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kijana asijaribu kuifungua kwa udadisi. Kwa mtu huyu televisheni hiyo ni mbacha wa kweli: anaukalia. Kumwambia autupe kwa sababu umepitwa na wakati ni kumwambia afunge macho yake atumie ya wengine.

Wa pili amesikia kuwa vitu hivi ni adimu. Ameviweka viwili ghalani. Haviwashi, lakini huvitaja mbele ya watu. Mtu huyu hujiona kuwa kinyume cha wale waliozitupa tyubu zao kwa ajili ya jirani, lakini kwa kweli ni ndugu yao wa tumbo moja. Wale walitupa kwa sababu ya macho ya watu, naye ameweka kwa sababu ya macho ya watu. Hakuna kati yao aliyekitazama kitu chenyewe. Mapenzi ya cha kale yaweza kuwa fasheni sawasawa na mapenzi ya kipya, tena fasheni iliyo mbaya zaidi, kwa sababu huvaa joho la hekima.

Wa tatu hana kingine. Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali, na mitambo ya zamani ikazimwa mwaka 2015, nyumba nyingi ziliongeza king'amuzi juu ya televisheni kuukuu, maisha yakaendelea. Mtu kama huyo hakuwa mshamba wala mpenzi wa mambo ya kale. Alikuwa mtu mwenye hesabu: kitu kilikuwa kikifanya kazi, na fedha ilikuwa na kazi nyingine, labda karo ya mtoto. Asiyemheshimu mtu huyu hajajifunza bado maana ya kutosheka.

Mpaka hapa, msomaji, unaweza kudhani kuwa nimelimaliza swali: kitumikacho kishikwe, kisichotumika kiachwe. Lakini lipo neno moja zito, na nimeliweka mwisho kwa makusudi. Tukisema 'kiachwe', kiachwe wapi?

Kioo cha tyubu kimechanganywa na risasi ili kiwakinge watazamaji na miale ya eksirei. Televisheni moja kubwa huweza kuwa na kilo kadhaa za madini hayo. Kioo kikiwa kizima ndani ya nyumba, risasi hiyo haimdhuru mtu. Kikivunjwa na kutupwa jalalani, au kikipondwa na kijana atafutaye shaba ya kuuza, sumu huenda kwenye udongo, majini, na mikononi mwa kijana yule. Risasi hudhuru ubongo, hasa wa mtoto mdogo. Mataifa yalifanya mkataba huko Basel, Uswisi, mwaka 1989, wa kuzuia taka za hatari zisipelekwe ovyo kutoka nchi hadi nchi, na kioo cha tyubu kimetajwa miongoni mwa taka hizo. Sheria ilihitajika kwa sababu watu walikuwa na njia nyepesi ya kujivua mzigo: kumpa aliye mbali na aliye maskini, na kuiita zawadi.

Njia hiyo si ya mataifa tu. Ni ya kila mmoja wetu. Nani hajapata kumpa mwingine kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa akitafuta pa kukitupa? Mpokeaji akashukuru, na baada ya miezi miwili kitu kikafa mikononi mwake, na mazishi yakawa yake. Huo si ukarimu. Ukarimu ni kutoa kitu chenye uhai. Kutoa maiti ni kumhamishia mtu matanga.

Hivyo kumiliki kitu ni zaidi ya kukinunua na kukitumia. Ni ahadi ya kukisindikiza mpaka mwisho wake. Mwenye ng'ombe hulaumiwa akiacha mzoga wake kisimani, hata kama ng'ombe yule alitoa maziwa mengi siku za uhai wake. Mwenye televisheni naye, awe ameipenda miaka ishirini au ameinunua jana, na aulize mapema ni nani atakayeipokea itakapokufa: je, kuna watu wanaojua kukivunja chombo hicho kwa usalama na kuitenga risasi yake? Kama wapo, na awapelekee, hata kama safari ina nauli. Nauli hiyo ni sehemu ya bei, ijapokuwa haikuandikwa dukani.

Basi nalijibu swali tulilolianza. Televisheni ya zamani ya tyubu, hata ile bora ya mistari mingi, yafaa kwa mtu aitumiaye kwa kazi inayoifanya vizuri, awezaye gharama zake, na aliye tayari kuisindikiza. Kwa mtu aitakaye kwa sababu wengine wanayo, au kwa sababu wengine hawana, haifai. Wala kipya hakitamfaa mtu huyo zaidi, kwa maana kasoro si ya kitu.

Nawe, kijana unayesoma, huenda usimiliki televisheni ya namna hiyo maishani mwako. Lakini utamiliki simu, na baiskeli, na nguo, na pengine gari. Na kila kimoja kitafika siku ya kuitwa kikuukuu. Siku hiyo jiulize maswali matatu. Je, kingali kinafanya kazi niliyokitakia? Je, nataka kukiacha au kukishika kwa macho yangu, au kwa macho ya watu? Na nikikiacha, kitamwangukia nani? Mtu anayeyajibu maswali hayo kwa kweli anaweza kushika cha kale bila majivuno, na kupokea kipya bila aibu.