Jani Liangukapo: Neno kwa Walimu wa Watoto

Somo: Mathayo 24:32



Bwana wetu alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake kuyatambua majira, aliwaelekeza kwenye mtini, mti walioupita kila siku pasipo kuutazama. Sisi nasi twaipita miti kila siku, na watoto wetu pamoja nasi. Neno langu la mwezi huu ni hili: mtoto aulizapo habari za jani, tusimnyamazishe, tumpe jani mkononi, tukalichunguze pamoja naye.

Naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja, katika mwezi wa Agosti, nalikuwa nikifundisha watoto chini ya mti katika mtaa mmoja wa upande wa Iringa. Majani yalikuwa yakianguka juu ya madaftari yao. Msichana mmoja mdogo, ambaye mama yake tulimzika kabla ya Pasaka, akainua mkono akasema, "Baba Mchungaji, mti huu unakufa?" Nami nalikuwa na haraka ya kumaliza Amri Kumi. Nikamwambia, "Nyamaza, mwanangu, hilo si somo la leo." Akanyamaza, wala hakuuliza tena neno lo lote mwaka ule. Ndugu zangu, ukimya wa mtoto yule ulinifuata nyumbani. Kwa maana hakuwa akiuliza habari za mti peke yake.

Basi nikaona imenipasa kujifunza kwanza mimi mwenyewe, kisha kuwafundisha watoto. Haya ndiyo niliyojifunza.

Watoto wetu husoma vitabuni ya kwamba huko Ulaya, tangu Septemba hata Novemba, miti mingi hugeuka rangi ya njano na nyekundu, kisha hupukutisha majani, kwa sababu siku zinafupika na baridi inakuja. Hudhani jambo hilo ni la Ulaya tu. Sivyo. Kwetu miti hupukutisha kwa sababu ya ukavu. Kila apitaye Ruaha Mbuyuni wakati wa kiangazi huiona mibuyu imesimama uchi kama iliyong'olewa ikapandwa kichwa chini. Miombo ya njia ya Chunya nayo hupoteza majani yake. Bali huko Tukuyu na Rungwe, ambako mvua ni nyingi, miti mingi huangusha jani moja moja mwaka mzima, hata mtu asitambue.

Tena liko jambo la ajabu zaidi. Miezi ile ile ya Septemba na Oktoba, miti ya Ulaya inapogeuka nyekundu kwa uzee wa majani, miombo yetu nayo huwa nyekundu. Lakini wekundu wake ni wa majani machanga. Ardhi bado ni kavu, mvua haijanyesha hata tone, nayo miti imekwisha kuchipua, kwa maji iliyoyaweka ndani ya shina na yale ambayo mizizi huyafikia chini sana. Wataalamu husema wekundu huo hulikinga jani changa na ukali wa jua. Hivyo rangi moja, huko ni ya kuaga, na huku ni ya kuzaliwa.

Sasa nawaandikia kazi nne ambazo mwalimu aweza kuzifanya na watoto, hata katika mtaa usio na fedha.

Kazi ya kwanza ni kutazama kikonyo, yaani mguu wa jani. Mfyulisi wafaa sana, kwa kuwa wapatikana nyumba nyingi za nyanda hizi. Mtoto alichume jani bichi: litapasuka, na mahali pake patakuwa pabichi kama kidonda. Kisha aliguse jani lililozeeka: litaachia lenyewe, na mahali pake patakuwa pakavu, pamefungwa. Kwa maana mti, kabla ya kuliacha jani, hujenga ukuta mwembamba kati ya kikonyo na tawi, nao huanza kulifunga jeraha mapema. Tena watoto watazame kwa makini pale pembeni, kikonyo kinaposhikana na tawi. Watakuta chipukizi dogo kama punje. Chipukizi hilo halikuja baada ya jani kuanguka. Lilikuwapo tangu jani lilipokuwa bado bichi.

Kazi ya pili ni kutafuta rangi iliyofichika. Twanga majani mabichi katika kinu kidogo, tia spiriti kidogo, kisha simamisha kipande cha chaki nyeupe ndani yake. Spiriti na ishikwe na mwalimu, mbali kabisa na moto. Baada ya muda rangi itapanda katika chaki: mahali pamoja kijani, mahali pengine njano. Watoto watashangaa, kwa kuwa hakuna aliyetia njano. Njano ilikuwamo tangu mwanzo, imefunikwa na ile kijani iitwayo umbijani. Jani linapozeeka, mti huuvunja umbijani na kurudisha ndani ya tawi sehemu ya chakula kilichokuwa katika jani; ndipo njano huonekana.

Kazi ya tatu ni kuona jani linavyotoa maji. Ingiza ncha ya tawi lenye majani, lisilokatwa mtini, katika chupa nyeupe ionyeshayo ndani, ziba mdomo wake kwa pamba, uiache juani. Fanya vivyo hivyo kwa kijiti kikavu kisicho na majani. Baada ya saa moja au mbili, chupa ya kwanza itakuwa na matone ndani, na ya pili hapana. Ndipo watoto watafahamu kwa nini mti huacha majani yake wakati wa ukavu: kila jani hutoa maji kwa vitundu visivyoonekana kwa macho, na mti usioyaacha ungeweza kukauka. Haupukutishi kwa sababu unakufa. Wapukutisha ili uishi.

Kazi ya nne yataka subira. Fukia majani makavu katika kopo la udongo lililotobolewa chini, uliache mvuani, ulifungue masika yanapokwisha.

Mwaka uliofuata nalirudi katika mtaa ule, nikafanya kazi hizi pamoja na watoto. Nalimwita yule msichana mbele ya wenzake, nikasema, "Mwanangu, mwaka jana uliniuliza swali jema, nami nikakunyamazisha. Nisamehe. Leo na tulitafute jibu." Akalitazama chipukizi kwa muda mrefu, wala hakusema neno. Masika yalipokwisha tukafungua kopo. Majani yalikuwa yameoza, imebaki mishipa tu kama nyavu, na udongo ulikuwa mweusi kuliko mwanzo. Ndipo aliposema, "Baba Mchungaji, mti haukufa. Lakini jani lile la kwanza halikurudi."

Walimu wenzangu, hapo ndipo mwalimu hupimwa. Ningaliweza kumjibu upesi kwa maneno matamu, nikamwambia ya kuwa mama yake ni kama mti uchipuao. Lakini mtoto alikuwa amesema kweli. Jani lile halirudi. Huwa udongo, na udongo huulisha mti. Nikamwambia, "Umeona vema. Jani laweza kutuonyesha ya kwamba Mungu huandaa uzima mahali tunapoona mwisho tu. Zaidi ya hapo jani haliwezi kusema. Habari ya mama yako hatuitegemei miombo. Twamtegemea Yesu Kristo aliyetoka kaburini, naye hakuahidi kutupa mama mwingine mahali pa yule; aliahidi kumfufua yeye yule." Akalia, nami nikamwacha alie. Tangu siku ile alirudi kuuliza maswali, mengine hata sasa siwezi kuyajibu.

Najua wako wazee wanaosema, "Mchungaji, habari za majani ni kazi ya shule, kanisani tufundishe Katekisimo." Nawaheshimu wazee hao, nami pia nafundisha Katekisimo. Lakini Dk. Martin Luther, aliyeiandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, alitufundisha katika maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani kumkiri Mungu kuwa ndiye aliyetuumba, akatupa macho na masikio na akili. Je, tumfundishe mtoto kumshukuru Mungu kwa macho, kisha tumkataze kutazama? Na kama akijifunza kwetu ya kuwa maswali hayana nafasi kanisani, atayapeleka kwingine, naye mwenyewe atayafuata. Vijana wengi hawakutuacha kwa sababu ya uovu; walituacha kwa sababu tuliwanyamazisha.

Tena tusiogope kusema, "Sijui, mwanangu, tukatazame." Nabii Isaya alitulinganisha sisi sote na jani linyaukalo (Isaya 64:6). Mwalimu akumbukaye ya kuwa yeye naye ni jani hatajivuna mbele ya mtoto.

Basi, kiangazi kijacho, majani yaangukapo katika uwanja wa kanisa, msiwatume watoto kuyafagia na kuyachoma moto kwanza. Waiteni, mketi nao chini ya mti, mwaonyeshe lile chipukizi. Na kama kati yao yuko aliyefiwa, msimpite. Msikilizeni hata mwisho wa swali lake.

Mungu Baba, aliyeumba jani na mtoto alishikaye, atupe sisi walimu masikio ya kusikia na midomo isemayo kweli, kwa Yesu Kristo Bwana wetu aliyefufuka. Amina.