Aliyeandika Majina

Filamu za wapiganaji wa siri wa Ulaya zina raha moja ambayo wengi hatuikiri: adui anajulikana. Amevaa sare, anafoka kwa Kijerumani, na hata mtoto anayeingia kibanda umiza filamu ikiwa katikati ataonyeshwa steringi mara moja. Mtazamaji naye anajiuliza swali tamu: ningekuwa Paris au Warsaw mwaka 1943, ningeshika bunduki? Karibu sote tunajijibu kwamba tungeshika.

Wenzangu wa shahada ya uzamili huniomba niwachagulie filamu za aina hiyo, kwa kuwa wanajua flashi yangu imejaa. Huwapa tatu, na zote zinaiharibu raha hiyo.

Ya kwanza ni L'Armée des ombres, Jeshi la Vivuli, ya Jean-Pierre Melville, 1969. Melville mwenyewe alikuwa katika harakati hizo, kwa hiyo hana haja ya kuzipamba. Tukio lisilonitoka ni la nyumba moja ya Marseille. Wapiganaji wamemkamata kijana wa kwao aliyewauza, wamepanga kumpiga risasi, kumbe nyumba ya jirani ina watu na mlio utasikika. Wanamnyonga kwa taulo. Ukiwatazama nyuso zao unaona hakuna aliyezoea kazi hiyo.

Ya pili ni La battaglia di Algeri ya Gillo Pontecorvo, 1966. Inahusu Algeria, si Ulaya, lakini naiweka hapa makusudi. Miongoni mwa maofisa wa Kifaransa waliotesa watu Algiers mwaka 1957 walikuwemo waliopigana na Wanazi miaka michache tu nyuma. Na mtu mmoja wa kweli, Paul Teitgen, ambaye Wajerumani walimtesa na kumfunga Dachau, alikuwa katibu mkuu wa polisi mjini humo. Aliziona kwenye miili ya wafungwa alama alizozijua, akajiuzulu. Wenzake wengi waliendelea na kazi.

Ya tatu ndiyo inayonihusu. Lacombe Lucien ya Louis Malle, 1974, ni habari ya kijana wa shamba kusini magharibi mwa Ufaransa, mwaka 1944. Anamwendea mwalimu wa kijiji anayeongoza wapiganaji, anaomba kujiunga, anakataliwa kwa kuwa bado mdogo. Njiani baiskeli inapata pancha. Usiku unamkuta kwenye hoteli ya Wafaransa wanaowatumikia polisi wa Kijerumani, wanampa kinywaji, na ulimi ukilegea anamtaja mwalimu. Baada ya hapo anapewa kazi, bunduki na heshima ambayo hakuwahi kuipata. Hana itikadi yoyote.

Niliitazama Shume, likizoni, bibi yangu akiwa pembeni kwenye blanketi, nami namtafsiria. Aliuliza jambo moja tu: "Na huyu, nani alikuwa anamlipa?"

Bibi alikuwa na sababu ya kuuliza. Ulaya ya 1940 tunaiita iliyovamiwa. Sisi tunajiita tuliotawaliwa, kana kwamba ni mambo ya koo mbili tofauti. Wajerumani waliishusha miti ya Shume kwa kamba ya chuma hadi kwenye reli ya Mkumbara. Waingereza wakaja na matuta. Mradi ulianzia bonde la Mlalo mwaka 1946, ukapanuliwa hadi sehemu nyingine za milima ya Usambara: kila anayelima mteremko achimbe matuta kwa kufuata usawa wa kilima, asiyechimba atozwe faini au afungwe. Kazi ilikuwa kubwa, mavuno hayakuongezeka kwa kadiri ya jasho, na wengi wa waliokuwa wakilima walikuwa wanawake. Watu wakagoma. Hakuna daraja lililolipuliwa hapa pia. Walichelewa, walichimba nusu, walikwenda kwa machifu kulalamika, na baadaye wakajiunga na TANU.

Babu yangu alikuwa kijana wa Mlalo aliyejua kusoma. Alipewa kaptura ya kaki, kamba, vigingi na daftari. Alipima mistari, kisha akaandika majina ya wasiochimba. Mshahara ule ulinunua mabati ya kwanza ya ukoo wetu. Mradi ulipokufa, kabla ya Uhuru, akahamia Shume. Kwetu husemwa kwamba alifuata ardhi ya viazi. Bibi husema Mlalo palimshinda.

Hapa ndipo filamu za Ulaya zinaponiacha njiani, kwa sababu Wanazi hawakuwa na hoja hata moja ya kuwatetea, ilhali bwana shamba wa Kiingereza alikuwa na hoja: udongo wa Usambara unakwenda na mvua kweli. Tangu miaka ya 1980 miradi ya hifadhi ya udongo Lushoto, mmoja ukisaidiwa na Wajerumani, imehimiza matuta, na wapo watu walioyakubali. Je, waliogoma walikosea? Nasema hapana. Kuiponya nchi, kuzifya shi kama wasemavyo Wasambaa, naona ni jambo linalohitaji waliomo nchini wakubaliane, na ushauri mzuri unaoletwa na hati ya kifungo haujaomba kukubaliwa. Lakini siwezi kusema pia kwamba udongo uliwahurumia kwa kuwa walikuwa na haki.

Na babu? Kwa mistari simlaumu. Kwa daftari namlaumu, hata nikijua umaskini alikotoka, hata nikijua kwamba asingeandika yeye angeandika mwingine. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo aliyojitetea nayo kila mtumishi wa aina yake, kutoka Lyon hadi Vuga, na nilikua chini ya mabati yake.

Binamu yangu sasa ni bwana shamba. Naye anatembea na kamba na vigingi, daftari ni la kuandikia vipimo. Juni iliyopita alipima Mlalo, kwenye shamba la mjukuu wa mmoja wa walioandikwa. Mwenye shamba alichimba kwa wiki mbili, akaacha kipande cha juu, akasema hapo hataki. Binamu akakunja kamba yake, akaenda shamba la pili.