Jina Chini ya Picha

Kijana anatoka Nachingwea au Ruangwa na penseli zake, anapokelewa Dar es Salaam kama mwanagenzi kwenye karakana ya wachoraji. Anaosha brashi, anapaka rangi ya chini, anajaza vidoa. Halipwi, kwa kuwa anaambiwa ujuzi ndio malipo yake. Je, ni haki?

Tumtazame Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, kusini hukohuko. Mwaka 1968 alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya hadibodi, bila kusomea sanaa. Picha zilipopata wanunuzi aliwaita ndugu zake wachache, akawafundisha. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi, lakini wanafunzi wake waliendelea. Leo mtindo una jina lake, ila chini ya picha kila mchoraji huandika jina lake mwenyewe.

Kipimo changu kiko hapo. Kuosha brashi si dhuluma, maana ufundi hurithiwa kwa mikono. Dhuluma huanza pale kazi ya mwanagenzi inapouzwa, naye hapati nauli wala jina. Ujuzi ni malipo kweli, lakini mwenye nyumba Manzese haupokei.

Watasema bila fundi asingejua kitu. Sawa. Ila deni hilo hulipwa kwa kumfundisha mwingine. Anayelidai maisha yote hakuwa anafundisha. Alikuwa anatafuta kibarua wa bure.